Magobori ya Babu Yako Hayakuwa ya Wakora

Zena mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumbani ukifunga zipu ya begi na kuifungua tena kwa mara ya ngapi sijui. Mimi niko jikoni na masufuria ya wageni, nimeacha kuyaosha. Nimekaa kwenye kigoda, nimeweka karatasi juu ya sinia, nakuandikia, kwa sababu nikija kukusema kwa mdomo nitapiga kelele na mtaa mzima wa Ziwani utajua ya ndani mwetu.

Habari za koti zito, dawa ya mafua na namna ya kupata nyama halali huko Ujerumani, shangazi zako wamekujaza masikio tangu asubuhi. Sina la kuongeza hapo. Una akili ya kutosha kununua soksi.

Nina hasira. Nakwambia mapema ili usije ukatafuta maneno matamu humu ukayakosa. Nina hasira na ami yako Twaha, nina hasira na wale vijana waliokuja kumaliza pilau yangu, na nina hasira nawe. Iko nyingine ninayojikasirikia mwenyewe, nitaifikia.

Kwanza tukumbushane kilichotokea, usije ukasema Mama amekuza mambo. Mmekula, mmeshiba, ukaunganisha simu yako na televisheni ili watu wauone mji unaokwenda. Tukaona mto, tukaona treni, tukaona karakana utakamojifunza kukereza vyuma kwa mashine. Sote tukasema mashallah. Kisha ukafungua ile video nyingine, ya mzee mmoja wa mji huohuo, mwenye ndevu nyeupe na aproni ya ngozi, anayetengeneza bunduki za kizamani, zile zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Anatengeneza moja moja, kwa mkono, na kila moja ina mwenyewe. Ukatutafsiria kwamba watu hungoja miaka ili wapate moja, kwamba mteja hupimwa bega na shingo kabla mbao haijakatwa, na kwamba serikali ya huko imempa mzee huyo nishani. Ami yako Twaha, aliyetoka mtaa wa Donholm na shati lake lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akatikisa kichwa akasema, "Ona watu wanavyoheshimu kazi!"

Hapo ndipo babu yako alipojiinua kidogo kwenye kiti. Baba yangu huyo siku hizi hukaa kutwa bila kusema neno, unajua. Akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Hilo ni gobori," akasema. "Nimetengeneza mengi kama hilo."

Na Twaha, bila hata kumaliza nyama iliyokuwa mdomoni, akajibu, "Aii, Mzee, wacha hizo. Hiyo ni sanaa. Zako zilikuwa za wakora."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa nyumba za ploti yetu akapiga meza, akimwelekea babu yako, "Kumbe guka ni gangsta! Heshima, buda!" Nawe ulicheka, Zena. Wala sisemi ulitabasamu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, na nilipokukata jicho ukaninong'oneza, "Mathe, tulia, kwani anasikia?"

Anasikia. Sikio lililokufa ni la kushoto. La kulia lingali zima, na Twaha alikuwa amekaa upande huohuo wa kulia. Ngoja basi nikueleze hilo la kushoto lilifia wapi, maana miaka yote hii umelipigia kelele na kulitania, lakini hukuwahi kuuliza.

Unajua kwamba mimi na babu yako tulizaliwa Tabora. Tulikuja Nairobi nikiwa nimeanza shule kule, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kwake na kwa marehemu bibi yako. Kule watu walilima pembezoni mwa msitu. Ukilala, nguruwe wanaingia kwenye mihogo. Ukiamka, nyani wako kwenye mahindi. Mkulima asiye na gobori alikuwa analima chakula cha wanyama. Na mafundi wa magobori hawakuwa wengi. Walijulikana kwa majina kama wakunga wanavyojulikana. Babu yako, Fundi Seifu, alikuwa mmoja wao, na kibali cha serikali cha kazi hiyo alikuwa nacho, kimetundikwa ukutani kwa misumari minne ili upepo usikichezee. Nakiandika hicho kibali hapa ili Twaha akikuuliza uwe na la kumwambia.

Hakutengeneza gobori akalitundika lingoje mnunuzi. Hilo lilikuwa haramu kwake. Mteja alikuja mwenyewe, akalala kwetu, akala kwetu. Babu yako alimtazama akishika jembe, akimenya muwa, akibeba mtoto, aone ni mkono upi unaotangulia. Kisha alimpa fimbo mbichi, ndefu, akamwambia, "Fumba macho. Nyani huyo, mlenge." Mteja anainua fimbo begani akiwa kafumba. "Haya, fumbua." Jicho likiwa limekaa juu ya fimbo, sawasawa, basi kitako cha gobori kitakatwa kwa urefu huo na mkunjo huo. Jicho likiwa pembeni, babu yako anachonga fimbo nyingine na mteja anafumba tena. Yule mzee wako wa kwenye video alifanya nini na mteja wake? Alifanya hivyohivyo, isipokuwa fimbo yake ina skrubu za shaba. Ulipoona skrubu ukasema "wueh!"

Mbao ilikuwa ya mninga, iliyokaushwa msimu mzima juu ya dari la jiko, na bibi yako alilalamika kila siku kwamba anapika chini ya mizigo ya watu. Mtutu ulitoka kwenye bomba la usukani wa lori lililokufa, kwa sababu chuma chake hakina mshono. Ili ajue kama umenyooka, babu yako alipitisha uzi ndani, akaukaza pande zote mbili, akachungulia akiuelekeza kwenye mwanga wa mlango. Pale ambapo uzi uligusa ukuta wa ndani na kivuli chake kukutana nao, hapo pamepinda. Anagonga kidogo, anachungulia. Anagonga tena, anachungulia. Nakumbuka siku moja alishinda hivyo mpaka bibi yako akamwambia ahamie humo ndani ya mtutu kama kuna nafasi. Ile springi ya mtambo wa kufyatulia aliipasha moto hadi ikawa na ile buluu ya shingo ya njiwa, si zaidi, akaizamisha kwenye mafuta ya karanga. Ikizidi moto inalegea, ikipungua inavunjika. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, aliuacha mwisho, na aliuchonga kutokana na kile kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitako, ili gobori lote liwe mti mmoja.

Sasa sikio. Gobori likishakamilika lazima lijaribiwe kwa baruti maradufu, kwa sababu kama lina ila, ila hiyo itoke kwa fundi kabla ya kwenda kwa mteja. Mafundi wengine walilifunga kwenye mti, wakavuta kamba wakiwa mbali. Hilo si kosa, ni busara, na labda hata huko uendako ndivyo wafanyavyo. Babu yako hakutaka. "Mti hauna uso," alikuwa akisema. Alilishindilia mwenyewe, akaliweka begani mwake, shavu kwenye mbao, akafyatua, huku mteja akitazama. Mara nyingine moshi ulipotoka bibi yako alikuwa amefunga macho, akingoja kusikia kama mume wake atakohoa. Alikohoa kila mara. Lakini sikio la kushoto, ambalo ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, lilikuwa linakufa polepole, gobori kwa gobori. Na wewe leo umelitumia kama ruhusa ya kumcheka.

Usidhani nimemaliza. Kuna jambo moja ambalo hata mimi sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima, na ndilo linalonipandisha hasira ninapokumbuka lile neno "wakora."

Shangazi yangu alipofariki, nilimsindikiza babu yako Tabora kwenye msiba. Wewe ulikuwa bado hujaanza kutembea, nilikuacha na baba yako. Siku ya tatu ya matanga akaja mama mmoja mzee, mwembamba, anaitwa Bi Nyamizi. Akawapita wanaume wote waliokaa kwenye mkeka, akaenda moja kwa moja mbele ya babu yako, akapiga magoti. Babu yako hakumtambua. Yule mama akasema, "Fundi, mimi ndiye uliyeniuliza nikanyamaza."

Nikaona uso wa babu yako ukibadilika. Akamshika mkono akamwinua, na sikuelewa kitu. Baadaye nilimfuata yule mama nyuma ya nyumba, akiwa anasaidia kuchambua mchele, nikamwomba anieleze.

Kumbe desturi ya babu yako ilikuwa hivi. Mwanamume akija kuagiza gobori, alitakiwa aje na mkewe. Wateja wapya walidhani ni kwa ajili ya kupika. Mume akishapimwa na fimbo, babu yako alimtuma kuteka maji kisimani, kisha akabaki na mke. Hakumuuliza kama mumewe ni mtu mwema, maana hakuna mke atakayesema hapana kwa mgeni. Alimuuliza swali moja tu: "Mumeo akikasirika, hushika nini?"

"Wengine walicheka," Bi Nyamizi akaniambia. "Wakasema, hushika kofia yake akatoka. Hushika mlango akaubamiza. Hao walipata magobori yao. Mimi, mwanangu, nilinyamaza. Nilikuwa na kovu hapa chini ya kilemba. Baba yako aliniangalia, akaniambia nikapumzike. Mume wangu aliporudi na maji, Fundi akamwambia mkaa umekwisha, aje msimu ujao. Msimu uliofuata tukaja, mkaa umekwisha. Tukaja tena, mkaa umekwisha. Mume wangu akamtukana, akasema fundi gani huyu asiye na mkaa katikati ya msitu? Baba yako akamwambia, ndiyo hivyo, bwana, mkaa umekwisha."

Akacheka yule mama, machozi yakimtoka, akaendelea kuchambua mchele. "Nimemzika mume wangu mwaka juzi," akasema. "Nimemzika mimi. Bila ule mkaa angenizika yeye."

Zena, nilirudi kwenye mkeka nikakaa karibu na baba yangu nikamwangalia kama mtu nisiyemjua. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kunieleza. Akasema, "Nikueleze nini? Kuwa niliwanyima watu kazi?" Ndivyo alivyoliona jambo lile. Aliona aibu kwa sababu alisema uongo kuhusu mkaa, tena msimu hadi msimu, kwa mteja aliyelala nyumbani kwake.

Huyo ndiye aliyewatengenezea wakora bunduki! Nionyeshe duka lolote la silaha, la nchi yoyote, linalomtuma mume kisimani. Nionyeshe ofisa yeyote wa vibali anayeuliza swali hilo. Na yule mzee wa nishani, sina ugomvi naye, mikono yake nimeiona na ni mikono ya mtu anayejua kazi. Lakini katika ile video yako ndefu sikumwona akimuuliza mke wa mtu chochote.

Utasema, basi hilo jina la wakora lilitoka wapi? Lilitoka hapahapa.

Kule Tabora watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba ya pembezoni yakaachwa, wateja wakatawanyika, na kibali cha babu yako hakikuongezwa muda. Hakupiga kelele. Alifunga karakana, tukaja Nairobi kwa ndugu yake aliyekuwa akikaa hapa Ziwani, na babu yako akaanza upya kule Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali: majiko, masanduku ya watoto wa bweni, makufuli, visu. Hakutengeneza gobori hata moja katika nchi hii. Hata moja, Zena. Alichokuwa nacho ni mdomo tu. Akinywa chai na mafundi wenzake aliwasimulia kazi yake ya zamani, kwa fahari, kama mtu yeyote anavyosimulia kazi aliyoipenda.

Ulikuwa hujazaliwa bado. Kulitokea wizi kwenye duka moja mtaani, mtu akaumizwa, na wezi walipokimbia wakaangusha bunduki ya kuchongwa. Polisi wakauliza huku na kule, na mtu fulani mwema akawaambia kuna mzee Kamukunji aliyekuwa akitengeneza bunduki kwao. Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana. Walikuja wawili, wakaliweka lile dude juu ya fuawe lake, pale anapogongea vyuma.

"Mzee, hii unaijua?"

Mtu mwingine yeyote duniani angesema siijui. Ningesema mimi, ungesema wewe. Babu yako alipangusa mikono, akalinyanyua, akachungulia ndani ya mtutu akiuelekeza juani, akapitisha ukucha kwenye chuma, na uso wake ukakunjamana kwa kinyaa.

"Huyu si fundi," akasema. "Hili ni bomba la maji, lina mshono, tazameni hapa. Likipigwa mara mbili tatu linampasua mwenyewe uso. Na springi hii hakuipasha sawasawa. Nani alimruhusu mtu huyu kushika tupa?"

Polisi wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe unaijua mpaka ndani. Twende."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilisema baba yangu anatengeneza majiko, tazameni majiko! Wakamchukua na vyombo vyake vya kazi. Hilo ndilo kosa alilolifanya baba yangu katika jiji hili, aliudhika alipoona kazi mbovu. Angekuwa mkora angejua kunyamaza.

Alirudi akitembea kwa kushika kuta. Hawakumshtaki kwa lolote, kwa sababu hapakuwa na lolote. Vyombo vyake havikurudi. Waliofanya ule wizi walikamatwa baadaye, wengine kabisa, na fundi wao akajulikana, lakini hakuna aliyekuja kwenye ploti yetu kutangaza hivyo. Kumchukua walimchukua mchana, watu wote wakiona. Kumsafisha hakuna aliyekuja kumsafisha, hata usiku. Watoto wa ploti wakaanza kumwita Mzee Bunduki, na watoto hao ndio leo wana ndevu na wanakula pilau yangu wakisema heshima, buda.

Sasa nifike kwangu. Aliporudi, nilimkanda kwa maji ya moto, na nikiwa namkanda nikamwambia, "Baba, hapa si Tabora. Kuanzia leo wewe ulikuwa fundi wa makufuli." Nilidhani namlinda. Nilipoolewa, niliwaambia wakwe zangu hivyohivyo, makufuli. Babu yako alikaa pale kwenye posa yangu na kanzu yake nyeupe, akakubali kwa kichwa. Hakunibishia hata siku moja. Nilidhani jambo ukilinyamazia litakufa njaa lenyewe, lakini halikufa, majirani walikuwa wanalilisha. Twaha hakuisikia habari ya babu yako kutoka kwetu, aliisikia kwa muuza maji. Kwa hiyo nikimkasirikia Twaha, na ninamkasirikia kweli, najua pia kwamba pale nilipofunga mdomo wa baba yangu ndipo wengine walipopata nafasi ya kusema.

Unaona basi kwa nini sijalala vizuri tangu ulipopata hiyo nafasi? Si kwa sababu unakwenda mbali. Ninaogopa utafika huko, uone vyuma vinavyong'aa na wazee wenye nishani, uanze kuamini kwamba kazi ilizaliwa huko na kwamba sisi tulikuwa tunasubiri tu kuonyeshwa. Pale soko la Burma, kwenye meza yangu ya nyama, visu vyote ni vya babu yako. Juzi mteja mmoja alikishika kimoja, akakijaribu kwa kidole gumba, macho yakamtoka. "Mama, hii ni ya Ujerumani?" Nikamwambia ni ya Kamukunji. Akakirudisha mezani polepole kama kitu kilichooza. Kisu ni kilekile, makali ni yaleyale! Nilimkatia nyama yake kwa kisu hichohicho na nikamkatia yenye mifupa.

Wewe mwenyewe, nani alikufundisha kusukuma tupa juu ya chuma kwa kiuno badala ya kiwiko? Yule mwalimu wa ufundi wa Kariobangi aliyekupa cheti alishangaa kukukuta unajua. Ulimwambia uliona kwenye simu. Nilikuwa nimesimama pale, nikasikia. Ulikuwa na umri wa kusimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na babu yako amesimama nyuma yako, ameshika mabega yako, anakusukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jiko la kwanza likapata ukingo. Simu ulikuwa hujaijua.

Nenda, mwanangu. Nenda ujifunze kila kitu walicho nacho, hata uchafu ulio chini ya kucha zao. Ukikutana na yule mzee, mwamkie vizuri, mshike mkono, na ukiruhusiwa kushika kazi yake, ishike kwa mikono miwili. Watakupa vipande vidogo ukereze, kimoja leo, mia kesho, kwenye mchoro usio na jina. Siku yoyote wakikupa kipande ambacho hujui kinakwenda kuwa nini, uliza. Waudhike, uliza tu. Wakikwambia kwamba hiyo si kazi yako, hapo ndipo uulize kwa sauti. Mimi sina elimu ya mashine, lakini nimeishi na mtu mmoja aliyeuliza, na mtu huyohuyo akapigwa, na bado ninamwona yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Na wakikuuliza umetoka kwa nani, usiniletee habari ya simu, wala usiseme makufuli. Hilo neno mimi ndiye niliyelianzisha na leo nalifuta.

Lililobaki ni dogo, na ndilo lililonifanya niache masufuria.

Wageni walipoanza kuondoka nilimpeleka babu yako chumbani kwake. Hakutaka chai. Alikaa kitandani, akavua kofia, akaiweka mapajani. Nilidhani atazungumza juu ya Twaha, nikajiandaa kumtukana Twaha pamoja naye. Hakumtaja kabisa. Aliniuliza jambo moja tu. Macho yake hayatofautishi nyuso za mbali siku hizi, na kicheko cha watu wengi kikichanganyika hawezi kutofautisha sauti.

"Zena naye alicheka?"

Nikamwambia, "Hapana, Baba. Zena hakucheka."

Akasema, "Nilijua," akalala, na amelala vizuri kabisa, nimetoka kumchungulia sasa hivi.

Sijawahi kumdanganya baba yangu. Nilimfunga mdomo, nilimbadilishia kazi mbele ya wakwe, lakini uongo machoni pake sikuwahi kumwambia mpaka leo, na nimeusema kwa ajili yako. Siutaki. Huwezi kuondoka nchi hii ukaniachia niishi nao nyumba moja na yeye. Kesho asubuhi kabla gari halijaja, ingia chumbani kwake peke yako, ufunge mlango, umwambie kwamba ulicheka. Akikufukuza, utafukuzwa. Akikuweka karibu akuzungumzie, kaa, hata kama dereva anapiga honi mpaka betri iishe.

Ukitoka humo ndipo uje uniage.

Mamako, Mwajuma binti Fundi Seifu wa magobori